Kwa nini vikatizi vya mashine mgeni hupotea, na kwa nini vingine havikomi

Swali la msomaji, kwa ufupi: "Mtaalamu, naandika haipavaiza (programu inayoendesha mashine pepe) ndogo ya x86 inayotumia VT-x, msaada wa prosesa za Intel kwa kazi hiyo, na mgeni wangu, yaani mfumo unaoendeshwa ndani yake, ni Linux. Nikitaka kumpa kikatizi (interrupt, ishara inayokatiza kazi ya prosesa), naandika namba yake, yaani vekta, kwenye sehemu ya kuingizia tukio ya VMCS, muundo ambamo prosesa hutunza hali ya mgeni, kisha namrudisha mgeni kazini. Anawaka vizuri mpaka aanze kusoma diski kwa wingi. Hapo baadhi ya vikatizi hupotea na diski inakwama. Nikiviingiza upya kwa taima, mgeni anazama kwenye kikatizi kile kile na mwishowe Linux inakifunga. Je, niachane na uigaji, nitumie APIC (kidhibiti cha vikatizi cha prosesa) ya maunzi moja kwa moja?"

Ndugu yangu, uigaji usiuache. Dalili zote mbili, kupotea na kurudia bila kikomo, zina chanzo kimoja, na chanzo hicho hakiko kwenye VT-x. Umekichukulia kikatizi kama ujumbe: kifaa kinautuma, wewe unaupeleka, basi. Kidhibiti cha vikatizi hakifanyi kazi hivyo. Kidhibiti hutunza hali: nani anaomba, ombi la nani limepokelewa, nani anahudumiwa sasa hivi, nani amezibwa. Kikatizi anachokiona mgeni ni matokeo ya hali hiyo, na matokeo hayo yanatakiwa kukokotolewa upya kila mara kabla mgeni hajarudi kwenye prosesa. Ukilishika hilo, msimbo wako utabadilika sura. Hutakuwa tena na fanksheni ya kuingiza kikatizi inayoitwa kutoka kila upande. Utakuwa na fanksheni nyingi zinazobadilisha hali, na mahali pamoja tu, pale mgeni anapokaribia kuingia, panaposoma hali na kuamua.

Tuanze na unachokifanya sasa. Sehemu ile ya VMCS ina nafasi ya tukio moja, haina foleni. Ukiandika vekta ya kadi ya mtandao kabla ya vekta ya diski kupelekwa, ya diski imefutika. Tena prosesa ina masharti yake. Ukijaribu kuingiza kikatizi cha nje wakati biti IF ya mgeni, inayoruhusu vikatizi, ni 0, au wakati mgeni yuko kwenye kile kizuizi kifupi kinachofuata amri ya STI (kuruhusu vikatizi) au MOV SS (kubadilisha rejista ya stafu, yaani stack), prosesa inakataa kumwingiza mgeni kabisa, kwa sababu hali yake ni batili. Naamini ulikutana na kosa hilo mapema ukaweka sharti: IF ikiwa 0, ruka. Sharti ni sahihi. Tatizo ni kwamba ulipoliruka lile ombi hukuliandika popote, na kifaa hakitaliomba tena kwa kuwa kinaamini kimeshasikika.

Mahali pa kuliandika ni ndani ya APIC ya prosesa, ambayo unapaswa kuiiga yote, si anwani zake tu. Moyo wake ni rejista tatu zenye biti 256 kila moja, biti moja kwa kila vekta. IRR hutunza maombi yaliyopokelewa ambayo bado hayajafika kwa prosesa. ISR hutunza yanayohudumiwa. TMR hukumbuka kama ombi lilitoka kwenye chanzo cha ukingo au cha kiwango, na huyu nitamrudia kwa kirefu kwa sababu ndiye aliyekuzamisha. Kikatizi kikifika kutoka popote pale, washa biti yake kwenye IRR na usifanye kingine zaidi ya kumwamsha anayehusika. Biti ikiwa tayari imewaka, maombi mawili yameungana kuwa moja. Hilo si kosa. Maunzi halisi nayo huweza kushika ombi moja la vekta fulani kwenye IRR na moja kwenye ISR, basi. La tatu huungana na lile linalosubiri. Draiva nzuri hulijua hilo, ndiyo maana ikiamshwa husoma foleni yote ya kifaa mpaka iishe badala ya kuhesabu vikatizi.

Sasa uamuzi wa mlangoni. Tafuta vekta ya juu kabisa iliyowaka kwenye IRR. Kokotoa PPR, yaani kipaumbele cha sasa cha prosesa: chukua TPR, rejista ya kipaumbele aliyoiandika mgeni mwenyewe, chukua na vekta ya juu kabisa iliyo kwenye ISR, kisha linganisha madaraja yao. Daraja ni biti nne za juu za vekta, kwa hiyo yapo madaraja 16. Daraja la TPR likiwa kubwa au sawa, PPR ni TPR. La sivyo PPR ni ile vekta ya ISR ikiwa biti zake nne za chini zimefanywa 0. Vekta iliyo kwenye IRR inapita ikiwa tu daraja lake ni kubwa kuliko daraja la PPR. Msisitizo wangu uko kwenye neno daraja. Ukilinganisha vekta nzima kwa vekta nzima, 0x35 itakatiza huduma ya 0x31, jambo ambalo maunzi halisi hayalifanyi kamwe, na mgeni atapata mkanganyiko wa kufuli ambao hutaweza kuuzalisha tena kwa makusudi.

Vekta ikishinda, angalia kama IF ni 1, kama hakuna kizuizi cha STI au MOV SS, na kama hakuna tukio jingine linalosubiri kurudishwa. Vyote vikiwa sawa, fanya mambo matatu pamoja: zima biti kwenye IRR, iwashe kwenye ISR, andika vekta kwenye VMCS. Yasipokuwa sawa, usiguse hali yoyote. Biti inabaki kwenye IRR, na wewe unajiwekea njia ya kuarifiwa kizuizi kitakapoondoka.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu vizuizi ni vitatu na kila kimoja kina njia yake. Ikiwa kinachozuia ni IF au STI, washa kidhibiti cha VMCS kinachofanya mgeni atoke pindi dirisha la vikatizi linapofunguka. Utapata mtoko (mgeni kukurudishia udhibiti) wenye sababu namba 7, utazima kidhibiti hicho na kuamua upya. Ikiwa kinachozuia ni TPR, dirisha hilo halitakusaidia chochote, kwani IF inaweza kuwa 1 muda wote. Unahitaji kuona mgeni anaposhusha TPR yake, ama kwa kunasa uandishi wa CR8, rejista ya prosesa inayobeba TPR, ama kwa kuweka kizingiti cha TPR kwenye VMCS ili utoke kwa sababu namba 43. Na ikiwa kinachozuia ni ISR, subiri mgeni aandike EOI, taarifa kwamba amemaliza kuhudumia. Kwenye uigaji kamili EOI hunaswa, kwa hiyo fursa ya kuamua upya inakuja yenyewe. Nimeona haipavaiza zinazowasha dirisha la vikatizi kwa kila kizuizi bila kubagua. Matokeo yake mgeni hutoka mara maelfu bila faida, na mwenye msimbo hulaumu VT-x kuwa ni nzito.

Ipo njia nyingine ya kupoteza kikatizi, na kwa maelezo yako ya diski kukwama wakati wa kazi nzito, ndiyo ninayoishuku zaidi. Umeingiza vekta vizuri kabisa, prosesa imeanza kumpelekea mgeni, inasukuma rejista kwenye stafu yake, na ukurasa wa stafu hiyo haumo kwenye majedwali ya EPT, yanayotafsiri anwani za mgeni kwenda kumbukumbu halisi, kwa sababu unagawa kumbukumbu polepole kadiri inavyoguswa. Prosesa inatoka kwa kosa la EPT. Unatengeneza ukurasa, unamrudisha mgeni, na kila kitu kinaonekana shwari. Kumbe kikatizi hakijafika. Prosesa ilikuachia habari hiyo kwenye sehemu ya VMCS inayoeleza tukio lililokuwa njiani kupitia IDT, jedwali la mgeni la mahali pa kuhudumia vikatizi. Biti yake ya 31 ikiwa 1, unawajibika kulirudisha tukio hilo kama lilivyo: vekta, aina, na namba ya kosa kama ipo. Usiporudisha, madhara hayaishii kwa kikatizi kimoja. Biti yake ulishaihamishia kwenye ISR, mgeni hajui kama alikatizwa, hivyo hataandika EOI milele. Kuanzia hapo kila vekta ya daraja hilo na ya madaraja ya chini yake imezibwa, huku mashine ikionekana hai kwa sababu taima, ambayo Linux huipa vekta ya juu, inaendelea kufika. Soma sehemu hiyo kwenye kila mtoko bila kujali sababu ya mtoko, kabla ya kufanya jambo lolote.

Sasa tuje kwenye kikatizi kisichokoma. Hapa sitafupisha.

Vyanzo vya vikatizi ni vya namna mbili. Chanzo cha ukingo hupiga hodi mara moja na kuondoka. Chanzo cha kiwango hushikilia kengele ya mlango na hakiachii mpaka haja yake itimizwe. Waya za zamani za PCI, zile za INTx, ni za kiwango, tena vifaa kadhaa huweza kutumia waya mmoja. Kwa chanzo cha kiwango, swali la kujiuliza si kama kikatizi kimetumwa. Swali ni kama waya bado umepanda. Kwa hiyo kielelezo chako cha kifaa lazima kiwe na fanksheni ya kuweka waya juu au chini, na kifaa kiwe ndicho pekee chenye haki ya kuushusha, pale draiva inapotimiza sharti lake. Kwa virtio (vifaa pepe vilivyobuniwa kwa ajili ya wageni) ya zamani, kwa mfano, draiva inaposoma rejista ya hali ya kikatizi, kusoma kwenyewe huifuta rejista hiyo, na hapo hapo kifaa kinatakiwa kushusha waya. Ukisahau hatua hiyo moja, una dhoruba. Mgeni atahudumia, ataandika EOI, waya utakuwa bado uko juu, utampa tena, na draiva itasema kikatizi hiki si changu. Linux huhesabu: katika kila vikatizi 100,000 vya waya mmoja, zaidi ya 99,900 visipopata mwenyewe, inauziba waya na kuandika malalamiko kwenye kumbukumbu zake. Hicho ndicho ulichokiona. Taima yako ya kuingiza upya ilikuwa inafanya kazi ya kifaa kibovu.

Katikati ya waya na APIC ya prosesa kuna IOAPIC, kidhibiti kinachopokea waya za vifaa, yenye pini 24 kwenye mashine ya kawaida, na rejista zake ziko kwenye 0xFEC00000. Kila pini ina ingizo la biti 64 linaloeleza vekta, anayepelekewa, kama pini imezibwa, na kama ni ya ukingo au ya kiwango. Ndani ya ingizo hilo kuna biti moja inayostahili heshima yako yote: Remote IRR. Pini ya kiwango ikipanda na APIC ya prosesa ikapokea, Remote IRR inawaka, na ikiwa imewaka IOAPIC haitumi tena hata waya ukibaki juu mwaka mzima. Mgeni akiandika EOI, APIC yake hutazama TMR. Vekta ikiwa ya kiwango, taarifa hupelekwa kwa IOAPIC, Remote IRR inazimwa, na hapo hapo IOAPIC hutazama waya. Ukiwa bado juu, ombi jipya linatumwa. Ukiwa chini, kimya. Mzunguko huo mzima ndio ulinzi dhidi ya vyote viwili, kupotea na kurudia. Ukiuandika sawasawa, taima ya kuingiza upya utaifuta kwa furaha.

Mambo manne ya mzunguko huo huwaponyoka watu. La kwanza ni waya wa pamoja: weka biti moja kwa kila kifaa, na waya uwe juu maadamu biti hata moja imewaka. Ukitumia kigezo kimoja cha juu au chini, kadi ya mtandao itaushusha waya ambao diski bado inauhitaji. Pili, EOI hubeba vekta, haibebi namba ya pini, na pini mbili zaweza kupewa vekta moja. Pitia maingizo yote 24. Tatu, kufungua pini iliyozibwa ni tukio: pini ya kiwango ikifunguliwa wakati waya wake uko juu na Remote IRR ni 0, tuma. La nne halijulikani sana. Kwenye IOAPIC za zamani zisizo na rejista ya EOI, Linux huzima Remote IRR kwa hila: huiziba pini, huibadilisha kuwa ya ukingo, kisha huirudisha kuwa ya kiwango. Ukiiga toleo la namna hiyo, uandishi unaogeuza ingizo kuwa la ukingo lazima uzime Remote IRR, la sivyo mgeni atajaribu kujiponya na hutamruhusu.

Kwa pini ya ukingo hali ni tofauti. Hati ya IOAPIC ya Intel, ile ya 82093AA, inasema wazi kwamba ukingo unaotokea pini ikiwa imezibwa haushikwi. MSI-X, njia ya kifaa kutuma kikatizi bila waya, ni kinyume: kifaa kikitaka kutuma wakati ingizo lake limezibwa, kinatakiwa kuwasha biti kwenye jedwali lake la yanayosubiri, kisha kitume mara tu kinapofunguliwa. Nakushauri vifaa vyako uvipe MSI-X mapema iwezekanavyo. Ni uandishi wa kawaida wa kumbukumbu kwenda eneo la 0xFEE00000, hauna waya, hauna Remote IRR, na kila foleni ya diski inapata vekta yake. Lakini INTx usiiruke, kwa sababu mgeni anaweza kuamua kuitumia.

Nigusie 8259 kwa haraka, ile jozi ya zamani ya vidhibiti vya vikatizi kwenye poti 0x20 na 0xA0. Linux ya leo huihitaji kidogo sana, ila huichunguza kwa kuandika rejista ya kuziba na kuisoma tena. Ikirudi tofauti, inaamini haipo. Na kumbuka kwamba taima ya PIT yenye IRQ 0 huunganishwa na pini ya 2 ya IOAPIC, na jedwali la MADT, linalomweleza mgeni vidhibiti vilivyopo, lazima liseme hivyo. Usipolisema, Linux hujaribu njia kadhaa za kuipata taima kisha hufa mapema kabisa ikidai IOAPIC na taima havielewani.

Sasa, kuamsha. Unaweza kuwa na hali sahihi kabisa kwenye IRR na bado kikatizi kikaonekana kimepotea kwa sababu hakuna aliyeitazama. Thredi ya kifaa inapowasha biti, thredi ya prosesa ya mgeni inaweza kuwa mahali pa aina tatu. Ikiwa iko ndani ya mgeni, mtumie prosesa halisi kikatizi cha kati ya prosesa ili atoke. Ikiwa imelala kwa sababu mgeni alitekeleza HLT, amri ya kulala mpaka kikatizi kije, iamshe. Ikiwa iko ndani ya haipavaiza njiani kurudi, hapa ndipo penye hatari: imeshaitazama IRR ikaiona tupu, na hujachelewa wala hujawahi, umepita katikati. Dawa ni mpangilio. Mwenye kutuma huwasha biti kwanza, kisha kizuizi cha kumbukumbu (memory barrier, amri inayolinda mpangilio wa kuandika na kusoma), kisha ndipo husoma hali ya thredi. Mwenye kwenda kulala hutangaza kwanza kwamba analala, kisha kizuizi, kisha huitazama IRR mara ya mwisho. Kwa kuingia kwa mgeni, zima vikatizi vya prosesa halisi kwanza, tangaza kwamba unaingia, fanya uamuzi wa mwisho, kisha ingia. Kikatizi kikitumwa katika nafasi hiyo kitabaki kinasubiri na kitakutoa kwa mgeni mara tu unapoingia. Usitafute njia ya mkato hapa kwa kuweka ucheleweshaji. Ucheleweshaji huficha hitilafu hii kwenye mashine yako na kuitoa kwenye mashine ya mtu mwingine.

Uliuliza pia kimoyomoyo, naona, wapi pa kuweka msimbo huu. Mgawanyo ninaoupenda ni huu: APIC ya prosesa iwe ndani ya kerneli, karibu na msimbo wa kuingia kwa mgeni, kwa sababu EOI, taima na vikatizi vya kati ya prosesa hutokea kila wakati. IOAPIC, 8259 na PIT ziwe kwenye programu ya kawaida nje ya kerneli. KVM, haipavaiza iliyo ndani ya Linux, ina mpangilio huo huo wa kugawanya, na sababu yake nzito ni usalama. Rejista za vidhibiti hivi huandikwa na mgeni atakavyo. Mwaka 2013 hitilafu ya KVM iliyopewa namba CVE-2013-1798 ilitokana na namba ya rejista ya IOAPIC ambayo mgeni angeweza kuiandika nje ya mipaka na kusoma kumbukumbu za mwenyeji. Mwaka huo huo CVE-2013-6367 ilimwezesha mgeni kuangusha mashine nzima ya mwenyeji kwa kusababisha kugawanya kwa sifuri kwenye taima ya APIC. Kila namba inayotoka kwa mgeni, iwe vekta, pini, au hesabu ya taima, ipime kabla ya kuitumia. Msimbo ulio nje ya kerneli ukianguka, anaanguka mgeni mmoja.

Jambo dogo litakalokupunguzia kazi: mwonyeshe mgeni x2APIC, toleo jipya zaidi la APIC. Badala ya anwani za 0xFEE00000, ambazo hukulazimu kuchambua amri ya mgeni ili ujue alikuwa anaandika nini, rejista zinakuwa MSR (rejista za prosesa zinazoitwa kwa namba) kuanzia 0x800. EOI ni 0x80B na rejista ya kutuma vikatizi kwa prosesa nyingine ni 0x830, yenye biti 64 kwa mkupuo mmoja. Unapata namba ya rejista na thamani moja kwa moja. APIC ya anwani bado utaihitaji, kwani mgeni huanza nayo, lakini muda mwingi atakuwa hayuko huko.

Na maunzi? Prosesa za Intel za seva tangu Xeon E5 v2 ya mwaka 2013 zina uwezo wa kuendesha APIC ya mgeni zenyewe, na AMD ina AVIC kwa kazi hiyo hiyo. Unaipa prosesa ukurasa wenye IRR, ISR na TPR ya mgeni, nayo inafanya ule uamuzi wa mlangoni bila kukutoa. EOI nyingi hazikufikii tena. Kuna pia maelezo ya baiti 64 yenye biti 256 za maombi, ambapo thredi ya kifaa huwasha biti na kutuma kikatizi cha taarifa, na prosesa huunganisha maombi hayo na IRR mgeni akiendelea na kazi. Faida ni kubwa kweli kwa diski na mtandao wa kasi. Lakini tazama kinachobaki mikononi mwako. IOAPIC bado ni yako. EOI ya vekta za kiwango lazima ikufikie, kwa hiyo unajaza ramani ya biti inayosema ni vekta zipi zitoe mgeni, na ukiikosea ramani hiyo Remote IRR haitazimika kamwe. Mgeni aliyelala bado ni wa kuamshwa na wewe. Tukio lililokatishwa njiani na kosa la EPT bado ni lako kurudisha. Ndiyo maana nilikuambia usiuache uigaji: maunzi yanaharakisha mzunguko ule ule, na aliyeuandika kwa mkono ndiye anayeweza kusoma ukurasa ule na kujua umeharibika wapi. Bakiza njia ya programu hata ukishawasha ya maunzi, uwe na cha kulinganisha.

Ukihamia ARM, mawazo ni haya haya kwa majina mengine. GICv3, kidhibiti cha vikatizi cha huko, inakupa rejista za orodha, zisizozidi 16 na mara nyingi 4 tu, ambamo unaweka vikatizi vyenye hali ya kusubiri, kuhudumiwa, au vyote viwili. Mgeni anavipokea na kuvimaliza bila kukutoa. Kabla ya kuingia unajaza rejista kutoka kwenye hali yako. Baada ya kutoka unarudisha yaliyobadilika, na kwa chanzo cha kiwango unatazama waya tena kabla ya kusema kimeisha. Vikatizi vikizidi nafasi, unaomba kikatizi cha matengenezo kikuarifu rejista zinapokaribia kuwa tupu. Kwenye RISC-V, kidhibiti kiitwacho PLIC kina hatua ya kudai na ya kukamilisha, na chanzo hakipeleki ombi jingine mpaka lile la kwanza likamilishwe.

Kabla ya kuandika upya chochote, fanya hivi. Diski ikikwama, simamisha mgeni na uchapishe pamoja IRR, ISR, TMR, TPR, IF, kama amelala kwa HLT, na maingizo yote ya IOAPIC pamoja na hali ya kila waya. Biti iko kwenye IRR, ISR ni tupu, IF ni 1 na TPR ni 0: umeshindwa kuamsha. Remote IRR imewaka wakati ISR ya prosesa zote ni tupu na hakuna kitu kwenye IRR: EOI haikufika kwa IOAPIC, tazama TMR. Waya uko juu, pini iko wazi, Remote IRR ni 0: umesahau kutathmini upya baada ya kufungua pini au baada ya EOI. Na kama ISR ina biti ya diski huku mgeni amelala kwa HLT akiwa na IF 1, na msimbo wake wa kuhudumia diski haujatekelezwa, basi ni tukio lililokatishwa njiani. Baada ya hapo endesha kvm-unit-tests, hasa majaribio ya apic, ioapic na eventinj. Yameandikwa kwa ajili ya KVM, ila ukiandaa namna ya kuyapakia, yatakuonyesha kona nyingi za kidhibiti ambazo Linux yenyewe haizigusi katika siku ya kawaida. Kwa jinsi ulivyoeleza, nakutarajia uikute ile hali ya ISR, na marekebisho yake yatakuwa mistari michache mwanzoni mwa fanksheni yako ya kushughulikia mitoko.